Nyongeza kwenye albamu za jazi: barua zenu na majibu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: albamu kongwe za jazi ya Marekani zinazotolewa upya zikiwa na nyongeza ambazo hazikuwahi kusikika. Humu tunaposema teki tunakusudia kile wanachokusudia mafundi wa studio, yaani kupiga wimbo mara moja, tangu unapoanza hadi unapokwisha au kukatika.

SWALI: Ndugu wahariri, hamjambo. Mzee aliniachia santuri ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, toleo la miaka ya sabini. Juzi nimenunua CD mpya, nikaona nyimbo za mwanzo zinasikika kama zimeshuka kidogo. CD ni mbovu, au mashine yangu ya santuri inakimbia? Na ule wimbo wa sita umetoka wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hatujambo. CD yako haina tatizo, na mashine yako huenda nayo ni nzima. Kosa lilikuwa kwenye kanda. Albamu hiyo ilirekodiwa kwa siku mbili, Machi 2 na Aprili 22, 1959, katika studio ya kampuni ya rekodi ya Columbia ya Mtaa wa 30, New York. Mashine mbili zilikuwa zikirekodi kwa pamoja, moja kuu na moja ya akiba. Siku ya kwanza ile kuu ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Kanda iliyorekodiwa polepole ukiicheza kwa kasi sahihi, muziki hukimbia na sauti hupanda. Nyimbo tatu za siku hiyo, ambazo ndizo upande wa kwanza wa santuri, zikauzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1992 ndipo matoleo yakaanza kutengenezwa kutoka kanda ya akiba, na toleo la 1997 likaendelea na masahihisho hayo.

Kipimo unaweza kukifanya nyumbani kwa kinanda cha umeme. "So What" imesimama juu ya noti ya D. Bonyeza D huku besi ya Paul Chambers ikipiga. Besi ikikaa juu ya noti sawasawa, hilo ni toleo lililosahihishwa. Ikipanda kidogo lakini isifike noti inayofuata, hiyo ni kanda ya zamani. Kisha geuza santuri ujaribu "All Blues" kwa noti ya G. Hiyo ilirekodiwa Aprili 22, mashine ikiwa sawa. Kama nayo imepanda, hapo ndipo ulaumu mashine yako na uangalie mkanda wa kuzungushia sahani na skrubu ya kasi.

Wimbo wa sita ni teki ya kwanza ya "Flamenco Sketches", na ndiyo teki pekee kamili iliyobaki nje ya albamu. Nyimbo nyingine zilikamilika mara moja tu; kinachopatikana zaidi ya hapo ni mianzo iliyokatika na maongezi ya studioni. Hii ni nyongeza yenye thamani kubwa. Wimbo hauna melodia iliyoandikwa. Una skeli (ngazi za noti) tano zinazofuatana, na kila mpigaji hukaa kwenye skeli moja muda anaotaka kabla ya kuhamia inayofuata. Kwa hiyo teki mbili ni kama tungo mbili tofauti. Mpangilio wa solo ni Davis, Coltrane na Adderley wa saksafoni, Bill Evans wa piano, kisha Davis tena. Mfuate mtu mmoja mmoja katika teki zote mbili, usikie anapokawia na anapoharakisha kuhama.

SWALI: Nimesikia kwamba albamu ya Duke Ellington na bendi yake ya Newport, Marekani, ile ya tamasha la jazi la 1956, haikuwa ya tamasha kweli. Mbona basi toleo la CD mbili linasifiwa kuwa ndilo la ukweli? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ulichosikia kina ukweli mwingi. Usiku wa Julai 7, 1956 bendi ilipiga Newport, na katikati ya "Diminuendo and Crescendo in Blue" Paul Gonsalves akapiga solo la saksafoni la mizunguko 27 ya blues, kila mzunguko vipimo 12, hadi watu wakanyanyuka vitini. Lakini Gonsalves alisimama mbele ya maikrofoni isiyo yake. Aliyokuwa akipigia ilikuwa ya redio ya Voice of America, na ile ya Columbia ilikuwa pembeni. Ndiyo maana kwenye santuri ya zamani solo hilo linasikika kwa mbali. Isitoshe, Ellington hakuridhika na jinsi bendi ilivyopiga ile kazi mpya aliyoiandalia tamasha, kwa hiyo Julai 9 wakaingia studio wakarudia sehemu kubwa, na makofi yakapachikwa juu.

Kanda za Voice of America zilikuja kupatikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika toleo la 1999, mtayarishaji wake Phil Schaap alizioanisha na kanda za Columbia. Kila moja ilikuwa ya mono, yaani sauti ya njia moja; zikioanishwa, moja kushoto na nyingine kulia, zikatoa stirio ya kweli ya usiku ule. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mashine mbili tofauti hazizunguki kwa kasi ile ile hata siku moja. Kanda moja ikitangulia nyingine kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, sauti inakuwa na uwazi ndani yake, saksafoni inayumba kati ya spika mbili, na sahihisho la dakika ya kwanza halifai tena dakika ya tano. Inabidi kusogeza kidogokidogo wimbo mzima.

Sikiliza kwa hedifoni. Gonsalves sasa yuko karibu, na kelele za watu zinapanda polepole mzunguko hadi mzunguko, jambo ambalo makofi ya kupachika hayawezi kuiga. Zile teki za studio zimo pia, zimewekwa mbali na tamasha na kutajwa wazi kuwa za studio. Hivyo ndivyo toleo jipya linavyopaswa kumheshimu msikilizaji.

SWALI: Nataka santuri ya Mingus Ah Um ya mpiga besi Charles Mingus. Kuna ya diski moja na kuna ya diski mbili yenye nyongeza, bei karibu mara mbili. Muuzaji anasisitiza ni ya gramu 180. Nichukue ipi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kwanza weka gramu pembeni. Uzito unasaidia diski isipinde kirahisi, lakini hauongezi chochote kwenye mfereji ambamo sindano inapita. Cha kuuliza ni dakika ngapi zimewekwa kila upande.

Upande wa santuri ya inchi 12 hukaa vizuri ukiwa na dakika 18 hadi 22. Besi nzito huhitaji mifereji iliyoachana. Ukitaka kubana dakika 26 au 28, fundi wa kukata analazimika kushusha sauti na kupunguza besi, nawe unapoongeza sauti nyumbani unaongeza na mikwaruzo. Halafu kuna suala la katikati. Diski inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika popote sindano ilipo, lakini ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde, na karibu na lebo ni kama 21 tu. Sauti za juu, hasa tarumbeta na matoazi, ndizo huanza kuchanika hapo. Mtu akibandika nyongeza yenye kelele mwisho wa upande uliokwisha jaa, ameiweka mahali pabaya kuliko pote.

Kwa albamu hii diski mbili zina sababu nyingine. Mingus aliirekodi Mei 5 na 12, 1959, na nyimbo sita zikakatwa ili zienee kwenye santuri moja. Zilizoondolewa ni sehemu za solo. "Bird Calls" ilitoka ikiwa na zaidi kidogo ya dakika tatu, kumbe yenyewe ina zaidi ya sita. Kwa hiyo nyongeza kubwa hapa ni dakika zilizorudishwa ndani ya nyimbo zile zile, mbali na vibao vitatu vilivyoachwa nje: "Pedal Point Blues", "GG Train" na "Girl of My Dreams". Kwa maoni yetu "Bird Calls" na "Pussy Cat Dues" zinapumua zaidi zikiwa kamili, lakini "Goodbye Pork Pie Hat" ile fupi inajitosheleza. Soma muda ulioandikwa kwenye jalada kabla ya kulipa. Kama "Bird Calls" bado ni dakika tatu na kitu, diski ya pili haijakurudishia kilichokatwa.

SWALI: Assalaam alaykum. Hapa Muscat nimeagiza kutoka Ulaya CD mbili zenye albamu nne za Art Blakey "pamoja na nyongeza", kwa bei ndogo kuliko albamu moja ya kampuni iliyozirekodi. Ni halali? Na mbona sauti kavu? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Huko Ulaya zinakotengenezwa, ni halali kama rekodi zenyewe zilitoka kabla ya 1963. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilikuwa ikilinda rekodi kwa miaka 50. Mwaka 2011 muda uliongezwa ukawa 70, lakini zilizokwisha kutoka kwenye ulinzi hazikurudishwa. Marekani mambo ni kinyume: rekodi za 1957 hadi mwanzoni mwa 1972 zinalindwa hadi Februari 15, 2067.

Ukavu unatokana na chanzo. Kampuni ya aina hiyo kwa kawaida haina kanda za studio. Hunakili CD au santuri ya mwingine, kisha programu huondoa mvumo wa kanda, yaani ule mnong'ono unaosikika nyuma ya muziki. Mvumo na matoazi vinakaa katika masafa yale yale, kwa hiyo ukifuta kimoja unakwangua na kingine, na kwa mpiga ngoma kama Blakey hiyo ni hasara kubwa.

Sasa angalia hizo "nyongeza". Teki iliyorekodiwa 1958 lakini ikatolewa kwa mara ya kwanza, kwa mfano, 1997, ulinzi wake Ulaya unahesabiwa tangu hiyo 1997. Kwa sababu hiyo kampuni hizi hukwepa teki za kweli zilizogunduliwa baadaye na kujaza nafasi kwa nyimbo kutoka albamu nyingine. Linganisha tarehe ya kurekodi na majina ya wapigaji. Mpiga piano akibadilika ghafla kwenye wimbo wa tisa, umepewa kipande cha albamu nyingine. Toleo la kuaminika hutaja tarehe, studio, namba ya teki na jina la fundi aliyetengeneza masta, yaani nakala kuu ya kuzalishia nyingine.

SWALI: Mbona Brilliant Corners ya mpiga piano Thelonious Monk haitolewi na teki nyingine ya wimbo wenye jina la albamu? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Kwa sababu hakuna teki kamili hata moja. Wimbo ulikuwa mgumu kiasi kwamba mwaka 1956 walijaribu mara 25 bila kuumaliza, na unaousikia umeunganishwa kutoka vipande vya majaribio hayo.

SWALI: Nimeuziwa faili za FLAC, zile zisizopoteza sauti, zinazodaiwa ni teki adimu kutoka kanda halisi. Nitajuaje kama si MP3 iliyogeuzwa jina? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Pakua Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni bure. Fungua faili, bofya menyu ya wimbo iliyo kushoto mwa mchoro wa sauti, chagua mwonekano wa spektrogramu (picha ya masafa ya sauti), kisha panua kipimo hadi kilohezi 22. Jazi ya miaka ya 1950 ni rahisi kupima kwa sababu ya ule mvumo wa kanda. Mvumo wa kweli hufifia taratibu kuelekea juu, kama vumbi. Ukikuta ukuta ulionyooka kwenye kilohezi 16, na juu yake weusi mtupu, hiyo imepita kwenye MP3 ya kiwango cha chini. Pima wimbo mzima, maana wengine huunganisha nusu nzuri na nusu mbovu. Faili ikipita kipimo hiki bado haijathibitika kuwa imetoka kanda halisi. Imethibitika tu kwamba haikubanwa kwa njia hiyo.

SWALI: Bill Evans katika klabu ya Village Vanguard, New York, ninaye kwenye CD tatu kamili, lakini nachoka kusikia wimbo ule ule mara mbili tatu. Nifanyeje? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Tengeneza orodha tatu kwenye simu au kompyuta. Ya kwanza iwe na nyimbo sita za Sunday at the Village Vanguard kwa mpangilio wa santuri ya 1961, na ya pili iwe ya Waltz for Debby, albamu nyingine ya siku hiyo hiyo. Ya tatu iache kama CD zilivyo, kwa mpangilio wa saa. Trio ilipiga awamu tano Juni 25, 1961, mbili mchana na tatu usiku, na siku 11 baadaye mpiga besi Scott LaFaro akafariki katika ajali ya gari. Teki ya kwanza ya "Gloria's Step" ina mahali sauti inapokatika kwa sababu ya hitilafu ya umeme, kwa hiyo usidhani faili yako ni mbovu. Kwenye programu ya kuchezea zima uchanganyaji wa nyimbo (shuffle), weka pengo kati ya nyimbo liwe sifuri, na kama kuna kusawazisha sauti chagua kwa albamu nzima. Ukisawazisha wimbo kwa wimbo, balladi tulivu zitapandishwa zilingane na nyimbo za kasi, na mlio wa glasi za wateja utazidi piano.