Jibu: Furukombe anatoka mweusi angani, kichwa kinaungua akishuka

Ndugu, umeuliza kwa nini furukombe (tai mla samaki) unayempiga picha Ziwa Naivasha anatoka mweusi akiwa angani, lakini akipita mbele ya mafunjo kichwa chake cheupe kinaungua, yaani kinakuwa weupe mtupu bila manyoya kuonekana. Kamera yako ndiyo inayobadilisha mwangaza. Ikiona anga jeupe inapunguza, ikiona mafunjo meusi inaongeza, wakati jua linalompiga ndege ni lile lile. Akifuata samaki anavuka anga, mafunjo na maji kwa sekunde chache tu, na huwezi kurekebisha kila mara.

Kwa hiyo weka kamera kwenye M (hali ya kupanga mwangaza kwa mkono), na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) uipange mwenyewe, usiiache ya kujiendesha. Jua la asubuhi likiwa wazi, anza na kasi ya 1/2000 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, ISO 400. Piga picha ya majaribio akiwa ametulia juu ya mti, uikuze utazame kichwa. Manyoya yakipotea kuwa weupe mtupu, shusha ISO mpaka yarudi. Usijali mbawa zikionekana nyeusi kidogo. Ukipiga RAW (faili ghafi la kamera) utaziongezea mwangaza baadaye kwenye kompyuta, ila weupe ulioungua haurudi.

Wingu likifunika jua, panda hadi ISO 800 au zaidi, kisha pima upya. Siku ya mawingu yanayokatizakatiza, hapo kweli ISO ya kujiendesha inasaidia: ongeza fidia ya mwangaza +1 hadi +2 akiwa angani, na uiondoe akishuka.

Mwombe pia mwenye boti akuweke jua likiwa mgongoni.