Tangazo la unga mbovu halitafika kwenye gunia lako

Kila mamlaka zinapotangaza kwamba unga fulani uondolewe madukani, simu yangu hujaa meseji za ndugu na majirani. Je, huu tunaokula sisi umo? Huwa nawajibu kwa swali: mnanunua unga wa pakiti, au mnapeleka mahindi mashineni? Wengi wanapeleka mashineni. Basi kwenye orodha ile hawamo, na hawatakuwemo kamwe, wawe wanakula mahindi mazuri au mabovu.

Tarehe 9 Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi baada ya vipimo kuonyesha sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wa nafaka, imezidi kiwango. Januari 2020 likaongeza chapa nyingine 17. Hilo liliwezekana kwa sababu kila pakiti ilikuwa na jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kusagwa, kwa hiyo mzigo ulijulikana ulikotoka na ulikokwenda. Gunia ulilonunua kwa dalali halina hata kimoja kati ya hivyo. Likiwa bovu, hakuna atakayekupigia simu.

Na misiba mikubwa iliyotupata ukanda huu haikutoka kwenye pakiti. Mwaka 2004, huko Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wengi walikula mahindi waliyolima wenyewe na kuyahifadhi yakiwa bado na unyevu. Wachunguzi walipopima mahindi ya masokoni maeneo hayo, zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati ule, na asilimia 7 zilikizidi kwa zaidi ya mara 50. Mwaka 2016 ikatufikia sisi Tanzania: Chemba na Kondoa hapa Dodoma, na Kiteto mkoani Manyara. Wagonjwa 68, vifo 20. Tangu hapo mimi nimeacha kusubiri tangazo. Ninachokiandika hapa ndicho ninachokifanya nyumbani kwangu, na ndicho ninachowaelekeza wadogo zangu wanaoanza maisha.

Kwanza tuelewane adui mwenyewe. Sumukuvu inatengenezwa na kuvu wanaoshambulia mahindi na karanga tangu zikiwa shambani, hasa mwaka wa ukame, wakati mmea umechoka na wadudu wametoboa punje. Baada ya mavuno wanaendelea kama nafaka haikukauka vizuri. Sumu yenyewe haina ladha wala harufu. Haifi kwa kupikwa. Songa ugali mpaka utoe ukoko, sumu itabaki mle mle. Ukila nyingi kwa wakati mmoja inaweza kukuua ndani ya wiki chache. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, inakula ini, na inasababisha saratani ya ini. Mwenye homa ya ini aina ya B yumo hatarini zaidi, kwa sababu vitu hivyo viwili vikikutana kwa mtu mmoja hatari huongezeka mara nyingi. Kiwango cha juu tulichokubaliana Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja ya nafaka, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Sasa kununua. Mimi hununua mahindi ya mwaka soko la Kibaigwa baada ya mavuno, na sinunui kwa kuangalia mdomo wa gunia. Juu ya gunia ndiko mfanyabiashara anakoweka uso wake. Naomba bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, lichomwe katikati na chini, punje zimwagwe kiganjani, nazitazama juani. Anayekataa bambo lisichomwe chini namshukuru na kwenda kwa mwingine. Si lazima awe tapeli, inawezekana hata yeye hajui kilichomo, lakini mimi sina sababu ya kubeba hasara hiyo. Naangalia punje zenye ukungu wa kijani au kijivu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizotobolewa. Nauma punje: iliyokauka inavunjika kwa mlio, yenye maji inabonyea.

Kwa uhakika zaidi kuna kipimo cha chumvi, ambacho maafisa ugani wamekifundisha vijijini kwa muda mrefu. Chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi kiasi, tia chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yana unyevu zaidi ya asilimia 15, na kuyahifadhi salama unahitaji yasizidi asilimia 13.5. Kipimo hiki kinakuambia habari ya unyevu peke yake. Mahindi yaliyopata sumu shambani na kukaushwa baadaye yatapita bila shida. Kwa hiyo chupa haichukui nafasi ya macho yako.

Hapo tunafika kwenye kazi ambayo ningependa kila nyumba iirudishe, nayo ni kuchambua. Bibi zetu walikaa na ungo mchana kutwa, na sisi tuliokuja mjini tukaona ni kupoteza muda. Sumukuvu haijatandazwa sawasawa ndani ya gunia. Imejikusanya kwenye punje chache, na punje moja iliyoshambuliwa inaweza kubeba sumu ya kuharibu kilo nzima ya mahindi mazuri. Ni kama pilipili kichaa iliyozama nzima kwenye sufuria ya maharage, wengine watakula wasijue, mmoja ataipata. Kwa sababu hiyo hiyo gunia moja likipimwa mara mbili maabara linaweza kutoa majibu mawili tofauti. Na kwa sababu hiyo hiyo mkono wako una nguvu. Ukiondoa zile chache zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizovunjika, unaondoa sehemu kubwa ya sumu yote.

Nyumbani tunachambua kabla ya kila kusaga, si mara moja kwa mwaka, maana mahindi yanabadilika stoo. Tunapepeta kwanza kuondoa vumbi na chenga, kisha tunamwaga kidogo kidogo kwenye sinia jeupe. Rangi ya sinia inasaidia sana. Watoto wanapenda kazi hii ikiwa kuna mtu wa kuwasimulia.

Zile zilizotolewa haziendi popote zaidi ya shimoni. Najua hapa nitagombana na watu. Wengi wetu tumezoea kuwapa kuku, au kumwachia mama anayepika pombe. Kwenye pombe sumu inabaki. Kwa kuku na bata ni hatari kubwa: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula kilichotengenezwa na mashudu ya karanga zenye sumu hii, na ndivyo dunia ilivyoifahamu. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu inatoka kwenye maziwa, na maziwa hayo anakunywa mtoto wako. Fukia.

Kuhusu dona na sembe, nitasema ninavyoamini. Sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, sehemu zile zile zinazotoka kama pumba wakati wa kukoboa. Kwa hiyo sembe huwa na sumukuvu kidogo kuliko dona ya mahindi yale yale. Lakini dona ina virutubisho ambavyo sembe imevipoteza, na siwezi kuwaambia watu waiache. Mimi nasaga dona pale tu ninapoyajua mahindi yametoka wapi na tumeyachambua wenyewe. Mahindi ya kununua haraka haraka mtaani nakoboa. Dona ya kupimiwa kwa kilo dukani, isiyo na jina la msagaji, siinunui kabisa. Ukitoka mashineni usifungie unga ungali wa moto kwenye ndoo. Unatoa jasho, na jasho hilo ndilo kuvu wanalolitafuta. Utandaze upoe kwanza. Na stoo, gunia lisilale sakafuni wala lisiegemee ukuta. Liweke juu ya chaga. Mifuko ya PICS yenye matabaka matatu ni mizuri kwa wadudu, ila haikaushi kitu. Ukitia mahindi mabichi umeyafungia na maji yake.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni uji wa lishe. Mama anayejitahidi, aliyesikia kliniki kwamba mtoto anahitaji chakula bora, anakwenda sokoni na kununua mchanganyiko uliokwisha kusagwa: mahindi, karanga, soya, ulezi, mchele, ngano, na vingine ambavyo muuzaji mwenyewe hakumbuki. Mahindi na karanga ndizo nafaka na mbegu zinazoongoza kwa kupata sumukuvu, na hapa zimekutana kwenye kikombe cha mtoto wa miezi saba, anayekula uji huo huo asubuhi, mchana na jioni kwa mwili wa kilo chache. Zikishasagwa, hakuna awezaye kuchambua. Na karanga zilizovunjika na kusinyaa, ambazo hakuna angezinunua zikiwa nzima, mahali pake pa kujificha ni kwenye unga. Watafiti waliowapima watoto wadogo katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro walikuta alama za sumukuvu kwenye damu ya wengi wao. Hawakuwa wamelazwa. Walikuwa watoto wa kawaida, wanaocheza.

Mdogo wangu alipojifungua nilimwambia hivi: usinunue unga wa lishe uliochanganywa, hata kama muuzaji ni jirani tunayempenda. Nunua ulezi au mchele, ambao kwa kawaida haushambuliwi sana kama mahindi, uchambue, uoshe, uukaushe juani, usage peke yake kwa kiasi cha wiki chache. Lishe nyingine iongeze wakati wa kupika au pembeni ya uji: maziwa, yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, parachichi, mchicha. Ukitaka karanga, nunua nzima, zitoe zilizokunjamana na zenye doa, zipitie kwa macho mara mbili, kaanga, saga mwenyewe, kidogo. Mama mkwe wake hakufurahi, kwake uji bila karanga si uji. Tulikaa naye, tukamweleza taratibu, na leo yeye ndiye mchambuaji mkali kuliko sisi sote.

Kwa wanaonunua pakiti, mambo ni machache. Unga uache ndani ya pakiti yake, na pakiti uiweke ndani ya ndoo. Ukiumwaga na kutupa mfuko umeugeuza kuwa unga usio na jina. Tunza risiti mpaka unga uishe. Tangazo likitoka, liwe na jina la bidhaa, jina la mzalishaji, namba ya toleo au tarehe, na jina la mamlaka iliyolitoa. Huku Tanzania kazi ya usalama wa chakula iko kwa Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, ilipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Picha inayozunguka WhatsApp bila namba ya toleo isikufanye umharibie mtu biashara, nenda kwenye kurasa za mamlaka yenyewe uhakikishe. Ukikuta namba ni ile ile ya kwako, acha kula siku hiyo hiyo na urudishe dukani. Usimpe dada wa kazi aende nao kwao, wala usiutie kwenye banda la kuku. Nimewahi kumwona mwenye duka mmoja akiteremsha bei ya unga uliotangazwa ili umalizike. Waliopanga foleni walikuwa watu wa kipato cha chini, na hakuna aliyewaambia. Tuliwaambia sisi, palepale.

Dalili za sumu nyingi ni kutapika, tumbo kuuma na kujaa, miguu kuvimba, na macho kuwa ya manjano. Zikiwapata watu zaidi ya mmoja waliokula chungu kimoja, msianze kutafuta mchawi wala kununua dawa za malaria dukani. Nendeni hospitali, na mbebe mahindi au unga uliobaki. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Daktari atasaidia ini lisishindwe, na kile kilichomo kwenye mfuko wako kitasaidia nyumba za jirani zisile gunia lile lile.

Limebaki la shuleni. Sehemu nyingi wazazi tunachangia mahindi ya chakula cha mchana, debe kwa kila mtoto, na sote tunajua ni debe lipi mtu hupeleka akiwa nayo mawili. Mahindi ya nyumba mia yanamwagwa pamoja, yanasagwa, na watoto wote wanakula sufuria moja. Kwetu tulilileta kwenye kikao cha wazazi, tukakubaliana yapokewe na kamati mbele ya aliyeleta, yamwagwe kwenye turubai, yachambuliwe hapo hapo, na mabovu yapimwe ili upungufu huo mzazi aufidie. Wiki ya kwanza kulikuwa na maneno. Msimu uliofuata mahindi yalianza kufika yakiwa yamechambuliwa tangu nyumbani. Kikao chenu kijacho, ombeni turubai liwekwe kwenye ajenda, na mjumbe mmoja mwenye macho makali achaguliwe kulisimamia.