Jibu: Je, tofauti za madhehebu lazima zilete uhasama?

Ndugu yangu, waalaykum salaam. Umeuliza iwapo tofauti za madhehebu lazima zilete uhasama. Mimi naona si lazima. Hitilafu kubwa ya Waislamu ilianzia katika uongozi baada ya Mtume (S.A.W.) kufariki mwaka 632, wala si katika tauhidi, yaani imani ya Mungu mmoja. Hapa Unguja masultani wa Kibusaidi walikuwa Waibadhi (dhehebu la Kiislamu lisilo la Sunni wala Shia), raia wengi Wasunni wa Kishafi, na makadhi wa pande zote mbili walihukumu. Mpaka leo Muibadhi huachia mikono katika swala na Mshafi huifunga. Wakristo nao walitengana mwaka 1054 (Wakatoliki na Waorthodoksi), kisha kuanzia 1517 (Waprotestanti), lakini hapa Unguja Waanglikana wa kanisa la Mkunazini na Wakatoliki wa kanisa la Minara Miwili ni majirani wa mji mmoja. Kinachonihuzunisha ni ndugu kukatana maneno kwa sababu ya mwandamo wa mwezi wa Idi.