Maswali na majibu: Mtu aliyelala kwenye kanvasi ya karibu mita mbili

Safari hii karibu maswali yote yanahusu jambo moja: picha kubwa ya rangi za mafuta, mtu kajilaza, inayotakiwa kufika kwenye maonyesho. Nimeyachukua matano.

Mwalimu, shikamoo. Nataka kanvasi ya sentimita 130 kwa 190. Seremala anasema fremu ya mbao nne inatosha. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Haitoshi. Kitambaa kikikaza kitazivuta ndani zile mbao mbili ndefu, na picha yako itaota kiuno. Mwambie aongeze mbao ya kukingama katikati, na kwenye pembe aache nafasi ya kabari ndogo, ili kitambaa kikilegea uzigonge kikaze tena. Kitambaa cha marekani, ile nzito, kinafaa kabisa, ila usiipake rangi ya mafuta ikiwa tupu. Mafuta hula nyuzi, na miaka ikipita kitambaa hukatika kama karatasi kuukuu. Tanguliza jeso ya akriliki, yaani rangi nyeupe ya kutandikia kanvasi, mikono miwili au mitatu. Wapo wanaotanguliza rangi ya maji ya ukutani kwa sababu ni rahisi; mimi nimeiona ikibanduka, siitaki.

Halafu pima mlango na kona ya ngazi kabla hujakata mbao. Mimi sikupima. Picha yangu iligoma ngazini, ikabidi niivue kwenye fremu pale pale, majirani wakinipa ushauri kutoka juu na chini.

Nimemchora dada yangu amelala kwenye mkeka. Viungo nimevipima, viko sawa, lakini anaonekana anaelea. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

Picha nyingi za namna hii hufia hapa hapa. Umemchora dada yako, hukuchora mguso wake na mkeka.

Mtu aliyelala ni mzigo. Bega limebeba, nyonga imebeba, kisigino kimebeba, lakini kiuno pengine hakikubeba chochote. Pale mwili unapogusa, kivuli huwa chembamba, cheusi, chenye ukingo mkali. Mwili unapoinuka kidogo tu, kivuli kinapanuka na kulainika, na tumbo la kivuli hupata rangi inayorudishwa na mkeka wenyewe. Ukivichora vivuli vyote kwa weusi mmoja na upana mmoja, umemwekea dada yako mstari chini, naye ataelea juu ya mstari.

Tena jiulize kinachobonyea ni kipi. Godoro hubonyea, shuka hujikunja kuelekea kwenye nyonga. Mkeka juu ya sakafu haubonyei, kwa hiyo ni nyama ya mtu inayobapa: paja linapanuka, shavu lililolalia mkono linapanda hadi karibu na jicho. Wachoraji wengi huogopa kulibapisha paja kwa kuona wanamharibia mtu umbo. Libapishe.

Zoezi: chukua karatasi, uchore kwa mkaa vile vivuli vya mguso peke yake, bila mwili. Mwenzako akivitazama akaweza kukwambia kichwa kiko wapi na mtu ameegemea upande gani, rudi kwenye kanvasi.

Na usiamini dakika za mwanzo. Mtu akijilaza kuchorwa hujikaza kwanza. Uzito wake huja baadaye, akishasahau kwamba anatazamwa. Mpe mapumziko kila baada ya dakika 20 au 25, na weka alama za chaki penye kiwiko, nyonga na kisigino ili arudi palepale. Mlipe pia. Udugu hauondoi ganzi ya mkono.

Nikiwa karibu na kanvasi mgongo uko sawa. Nikirudi nyuma, umerefuka! (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu umeuchora ukiwa umbali wa mkono, kipande baada ya kipande. Funga brashi kwenye fimbo, simama mbali, na weka kioo nyuma yako uitazame picha ikiwa imegeuzwa. Mchoraji Mfaransa Ingres alimchora mwanamke aliyejilaza mwaka 1814; picha ilipoonyeshwa Paris mwaka 1819, wahakiki walisema mgongo umezidi pingili tatu. Lakini yeye aliurefusha kwa makusudi, kwa kuupenda ule mkunjo. Wewe umeshtuka, kwa hiyo futa.

Lazima awe uchi? Nyumbani kwetu picha hiyo haitapita mlangoni. (Msomaji, Mombasa)

Si lazima hata kidogo. Mchoraji Mhispania Goya alimchora mwanamke yuleyule aliyejilaza mara mbili, uchi na akiwa amevaa, na picha zote mbili zipo kwenye jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Mimi ya aliyevaa ndiyo huisimamia zaidi.

Nawe una khanga, ambayo kwa kazi hii ni neema: inajivuta penye goti, inalegea penye tumbo, kila mkunjo unasema uzito uko wapi. Tahadhari moja tu. Jina la khanga ukiliandika lote kwa herufi safi, watu watasimama kusoma na kucheka, na uso wa mtu wako hautatazamwa. Lifiche nusu ndani ya mkunjo.

Maonyesho ni baada ya wiki tatu, rangi bado inanata. Nianike juani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi hayapeperuki, huvuta hewa na kugeuka ngozi, ndiyo maana chumba chenye mwanga na upepo kinasaidia kuliko jua kali. Usiifiche uvunguni, gizani mafuta hayo hugeuka manjano. Masika yakiingia, ongeza siku.

Kama bado kuna sehemu hujaanza, tandika chini kwa rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji, kisha mafuta juu yake. Kinyume chake haishiki. Tabaka la chini liwe jembamba na lenye mafuta kidogo, la juu ndilo linone, vinginevyo litapasuka. Rangi nyeusi ya pembe za ndovu (ivory black) hukawia sana kukauka, hudhurungi ya amba (umber) huwahi, basi vivuli vyako vijenge kwa amba. Vanishi ya mwisho sahau kwa sasa, ingoje miezi sita au zaidi.

Ikibidi kuipeleka ikinata, ipeleke, ila gongomea vipande vya mbao kwenye pembe za fremu ili karatasi ya kufungia isiguse uso wa picha. Na yale matambara uliyofutia mafuta usiyarundike kwenye ndoo: hupata joto yenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje, moja moja.