Huyo si nyigu, ni nzi
Dada usimuue jamani! Huyo mdudu mkubwa wa njano na kahawia uliyempiga picha kwenye maua ya bustani yako hapo London ukauliza kama ni nyigu, ni nzi kabisa, anaitwa Volucella zonaria, anafika kama sentimita 2 hivi na mwiba hana. Ikuze picha ucheki, mabawa mawili tu wakati nyigu ana manne, halafu macho yamejaa kichwa kizima na vipapasio vifupi mno. Kusini mwa Uingereza amezoea tangu miaka ya 1940. Mi ninachompendea ni hiki, anataga mayai kwenye kiota cha nyigu wenyewe na funza wake wanakulia humohumo, wanakula mabaki na nyigu waliokufa.