Mpiga picha ni rafiki wa wifi yangu

*Shikamoo Shangazi. Naolewa Desemba hapa Mombasa. Wifi yangu ameshamwahidi rafiki yake, mpiga picha wa kike, kazi ya nikahi na ya usiku wa kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao. Picha zilizo kwenye ukurasa wake wa Instagram ni nzuri mno. Lakini binamu yangu alipoolewa, picha zake za kupamba zilizunguka WhatsApp, na hadi leo hajui nani alizitoa. Huyu naye anataka nimlipe elfu sabini zote mwezi mmoja kabla. Nikimkataa, wifi atanuna. Nifanyeje?*
*Biharusi mwenye wasiwasi, Kisauni*

Marahaba mwanangu, na hongera.

Unasema picha za ukurasani ni nzuri. Ni picha za nini? Kama ni mikono yenye hina, jukwaa na maua, sawa. Kama ni mabiharusi wa kupamba, nywele wazi na mabega wazi, muulize kama waliridhia. Wako wanaoridhia.

Kisha mwite nyumbani, umwombe kwa upole akuonyeshe picha za kupamba za biharusi wake wa mwisho. Akizifungua papo hapo, mwache amalize chai, halafu tafuta mwingine, kwa sababu zako atamfungulia biharusi wa Januari. Mimi namtaka yule atakayekwambia, "Hizo siwezi, dada, lakini nitamuuliza mwenyewe kama nikupe namba yake." Huyo biharusi akikuonyesha kwa hiari yake utaiona kazi, na utamuuliza kama mpiga picha alifika kwa wakati na picha zilichukua muda gani kuja.

Tena sisi tukisikia "mpiga picha wa kike" tunapumua. Nani anazihariri? Huenda ni kijana aliye ofisini na kompyuta yake. Wanawake wamevua mabuibui kwa kuwa ukumbini hamna mwanamume, na usiku uleule memori kadi inapelekwa kwa mwanamume! Uliza pia nani anachapisha albamu. Si jambo jipya hili. Harusi yangu ilipigwa kwa filamu, roli ya picha 36, na bwana aliyeisafisha akatuona sote. Ya dada yangu akaitundika dirishani mwa studio mwaka mzima.

Mkielewana, andikeni. Karatasi moja inatosha: nani atahariri, hakuna sura itakayowekwa mtandaoni bila ruhusa yako ya maandishi, utakabidhiwa picha zote, na yeye atafuta nakala zake baada ya muda mtakaokubaliana. Usifikiri unamsumbua. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na idhini uliyoitoa unaweza kuiondoa wakati wowote. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Lakini faini haiingii kwenye simu za watu ikazifuta picha, ndiyo maana nakutaka uulize sasa.

Elfu sabini zote mwezi mzima kabla, hapana. Arubuni ni haki yake, ana nauli na msaidizi wa kumlipa. Mpe theluthi moja sasa, nyingine siku ya harusi, na ya mwisho picha zikishafika mkononi mwako.

Za binamu yako huenda hazikutoka kwa mpiga picha kabisa. Weka mlangoni mama wawili wasioona haya kumwambia mtu alete simu yake, hata akiwa khalati yako.

Sasa wifi. Usimwambie umemkataa rafiki yake, maana bado hujamkataa. Mwalike siku ya mazungumzo, akae kando yako, ayasikie majibu kwa masikio yake. Yeye naye usiku huo atakuwa amejipamba, na picha zake zitakuwa kwenye kadi ileile. Mwulize yeye kwanza kama yuko radhi kijana wa ofisini azione, kisha mpigieni simu huyo rafiki pamoja.