Seva ya C Inayozimika Bila Neno

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika seva ndogo ya wavuti kwa lugha ya C, bila maktaba yoyote ya nje. Kurasa zinafunguka vizuri. Lakini nikipakia upya ukurasa harakaharaka, programu inazimika bila kuandika kosa lolote. Pia kuna fomu ambayo mara inafika nzima, mara nusu. Wenzangu wengine wananiambia niachane na C, wengine niongeze nyuzi (threads, njia kadhaa za utekelezaji ndani ya programu moja). Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. C usiiache, na nyuzi usiziguse kwanza. Shida zako zote mbili zinatokana na mambo ambayo C haikufichi: aliye upande wa pili anaweza kuondoka wakati wowote, na data haiji kwa vipande ulivyovitarajia. Nikiletewa msimbo wa seva ndogo, hayo ndiyo ninayoyatafuta kabla hata sijaiendesha.

Tuanze na kuzimika. Iendeshe seva kwenye terminali, pakia upya ukurasa mfululizo mpaka izimike, kisha andika echo $? uone programu imeisha na namba gani. Kama unatumia Linux, natarajia 141. Toa 128, ambayo shell huongeza programu ikiuawa na ishara (taarifa fupi ya mfumo kwa programu), inabaki 13, namba ya ishara iitwayo SIGPIPE. Ukiona 139 basi ni ugonjwa mwingine: programu imegusa kumbukumbu isiyo yake.

Unapopakia upya ukurasa kabla haujamaliza kuja, kivinjari kinaweza kuukata muunganisho wa kwanza na kufungua mwingine. Seva yako haina habari, inaendelea kuandika kwenye soketi (mlango wa muunganisho) ambayo upande wa pili imeshafungwa. Kernel, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaipelekea seva SIGPIPE, na programu ambayo haikusema lolote kuhusu ishara hiyo inauawa papo hapo. Weka signal(SIGPIPE, SIG_IGN) mwanzoni mwa main, ishara hiyo ipuuzwe. Kuanzia hapo send, wito wa kuandika kwenye soketi, itarudisha -1 na errno (namba ya kosa la mwisho) itakuwa EPIPE. Funga soketi hiyo moja, rudi kwenye accept, wito wa kupokea muunganisho mpya, wageni wengine (vivinjari vingine) waendelee kuhudumiwa.

Fomu inayofika nusu ndiyo yenye kazi, na hapa nakuomba utulie. TCP, itifaki inayobeba data yako, haijui ujumbe wako unaanzia wapi na kuishia wapi. Inabeba mfululizo wa baiti tu. Kivinjari kikituma baiti 3,000, recv (wito wa kusoma kutoka kwenye soketi) ya kwanza inaweza kukupa 1,460 na ya pili 1,540, au zote zikaja kwa mkupuo. Isitoshe, kivinjari kinaweza kutuma vichwa vya ombi kwanza na mwili wa fomu baadaye kidogo. Ukiita recv mara moja tu na kuamini umepata kila kitu, siku nyingine utakuwa umepata, siku nyingine hapana.

Kwa hiyo soma ndani ya kitanzi. Tenga bafa (nafasi ya muda ya kumbukumbu) ya baiti 8,192 kwa kila muunganisho, na kila recv iongeze mwishoni mwa ulichokwisha pata, mpaka uione alama ya \r\n\r\n. Hapo vichwa vimekwisha. Bafa ikijaa kabla alama haijaonekana, jibu 431 (vichwa ni vikubwa mno) na ufunge. Kisha tazama Content-Length, kichwa kinachotaja urefu wa mwili, uhesabu ni baiti ngapi za mwili ziliingia pamoja na vichwa (hizi ndizo zinazosahaulika mno), halafu usome zilizobaki tu. recv ikirudisha 0, mgeni amefunga muunganisho. Ikirudisha -1 na errno ni EINTR (wito ulikatizwa na ishara), rudia. Kwa send ni vivyo hivyo: inaweza kuandika sehemu tu ya ulichoipa, nayo inataka kitanzi chake. Na kama unaitafuta ile alama kwa strstr, ambayo husoma mpaka ikutane na baiti ya sifuri, hakikisha umeacha nafasi ya baiti moja na kuweka sifuri mwishoni, la sivyo itaendelea kusoma nje ya bafa yako.

Hiyo Content-Length usiisome kwa atoi. Atoi haikuambii kama imekosea, na mtu akiandika -1, ukiihamishia kwenye size_t, aina ya namba isiyo na hasi, inageuka namba kubwa kupindukia, kisha memcpy, inayonakili kumbukumbu, inakwenda nayo. Tumia strtol, kagua errno, kagua mwisho wa namba, kataa hasi, kataa chochote kinachozidi kikomo ulichokiweka mwenyewe, ujibu 413 (mwili ni mkubwa mno). Kosa la Heartbleed lililogunduliwa mwaka 2014 ndani ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, lilikuwa la ukoo huu: programu iliamini urefu uliotajwa na mgeni bila kuulinganisha na alichotuma kweli, ikarudisha hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake. Ndiyo maana nasisitiza kila mara kompaila iitwe na -Wall -Wextra -g -fsanitize=address wakati wa majaribio, ili ikuonye na programu ikaguliwe kumbukumbu inapoendeshwa; itakuonyesha hata mstari ulioponyoka.

Nyuzi sasa. Zingeongeza makosa mapya juu ya haya ya zamani. Anza na mchakato mmoja na poll, wito unaosubiri soketi nyingi kwa pamoja na kukuambia ipi iko tayari, uwekee kila muunganisho muda wa mwisho wa kusubiri, kwa sababu mgeni anayetuma baiti moja moja polepole anaweza kushikilia seva nzima. Usichague select, wito wa zamani wa kazi hiyo hiyo: kwenye Linux haivuki soketi namba 1,023. Siku wageni watakapokuwa maelfu, hamia epoll, wito wa Linux wa kazi hiyo kwa soketi nyingi mno. Mpangilio wa msimbo hautabadilika sana. Mtayarishaji programu Dan Kegel aliandika kuhusu kuhudumia wageni elfu kumi kwa pamoja mwaka 1999, na nginx, seva ya wavuti iliyotolewa 2004, imejengwa kwa njia hii ya kusubiri matukio badala ya uzi mmoja kwa kila mgeni. Nayo ni C.

SWALI: Ukurasa wangu unaonekana wote, lakini kivinjari kinaendelea kuzunguka kana kwamba kinasubiri kitu. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu kweli kinasubiri. Katika HTTP/1.1 muunganisho hubaki wazi usiposema vinginevyo, na wewe hukutaja urefu wa jibu. Tuma Content-Length iliyo sahihi, kwa baiti na si kwa herufi, maana herufi moja ya UTF-8 inaweza kuchukua hadi baiti nne. Au tuma Connection: close, kisha ufunge soketi kweli.

SWALI: Seva yangu inasoma faili kutoka folda moja. Je, HTTPS niiandike mwenyewe pia?

JIBU: Hapana. Usimbaji fiche acha kwa maktaba iliyokaguliwa na wengi, au weka nginx mbele ipokee poti 443, na seva yako isikilize 127.0.0.1 kwenye poti 8080. Linalonitia wasiwasi zaidi ni hiyo folda. Mtu akiomba /../../etc/passwd, unampa? Fungua kwanza alama za asilimia kwenye njia, maana %2e ni nukta, ndipo uipitishe kwenye realpath, inayotoa njia halisi isiyo na nukta mbili, na uhakikishe matokeo yanaanza na folda yako pamoja na mkwaju wake wa mwisho. Bila mkwaju huo, /srv/tovuti itairuhusu pia /srv/tovuti-siri.